Stesheni Masta Aliyesubiri Kura

Stesheni Masta hakuwahi kuniambia angepiga kura gani. Nimekaa naye miaka mingi, nimemlisha wali wa mpunga wangu mwenyewe, nimemsikia akiisoma ile Katiba Inayopendekezwa kwa sauti mpaka wauza nyanya wa sokoni wakaanza kutaja ibara kwa namba, na bado sikujua kama ni mtu wa Ndiyo au mtu wa Hapana. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali. Jibu lilikuwa lile lile.

"Bwana Mashine, kura ni siri. Ukiitaka sana, kaibe."

Bwana Mashine ndiye mimi. Nina mashine ya kukoboa mpunga na kusaga mahindi hapa Kilosa mjini, na sikupewa na mtu. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu wengine. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, hilo tusibishane. Kusoma najua, na kuandika ndiyo haya mnayoyaona. Msomi akikuta kosa humu alisahihishe kimoyomoyo, asinisumbue.

Kabila lake sitaliandika, wala babu yake alikuja kulaza reli ya nani. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ukimbana sana anasema, "Mimi ni mtu wa reli," basi, mazungumzo yamekwisha. Hata jina lake ukiliita hapa mjini hakuna atakayegeuka, na nina wasiwasi kwamba hata yeye hageuki. Alikuwa mkuu wa stesheni, akastaafu, cheo kikakataa kustaafu.

Alikuwa mrefu, mkavu, kofia haimtoki, na saa mkononi alikuwa akiitazama hata pale ambapo hakuna kinachosubiriwa. Mimi ni mdogo kwake, kwa hiyo kila asubuhi shikamoo ni yangu. Alikuwa anaipokea hivi: anatazama saa kwanza, halafu, "Marahaba. Umechelewa." Nimechelewa wapi, na mashine ni yangu na ndimi niliyeifungua? Hakueleza. Siku moja nikawahi sana, nikamsubiri kwenye benchi. Akaja, nikamwamkia, akatazama saa. "Marahaba. Umewahi mno, hilo nalo ni kosa."

Kijiwe chetu kilikuwa barazani kwa mashine yangu. Watu wanaleta mpunga kutoka Chanzuru na vijiji vya huko, wanasubiri zamu, wanakunywa chai na maandazi ya Mama Maandazi. Huyu ni mama mnene mwenye ulimi mwepesi ambaye jiko lake lipo pembeni ya mlango wangu, na kodi ya eneo ananilipa kwa kunitukana. Sasa mashine ikiunguruma hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa hiyo maongezi yetu yalitegemea umeme. Umeme ukikatika, mimi nahuzunika, wao wanachangamka. Mama Maandazi alikuwa akisema, "Haya, Bunge limefunguliwa."

Na Bunge hilo lilikuwa na bendera. Masta alitoka kazini na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu. Yeye alisema alipewa kwa heshima. Wengine walisema aliondoka nazo tu. Alizibeba zimeviringishwa pamoja chini ya kwapa kama mtu aliyetoka kununua mkate. Watu wakianza kubishana wote kwa mpigo, Masta anasimama. Akikuinulia kijani, sema. Akikuinulia nyekundu, simama hapo hapo ulipofika, hata kama neno limebaki nusu mdomoni. Nimewaona watu wazima wamekatishwa kwenye "kwa sababu" wakakaa na "kwa sababu" yao mpaka chai ikapoa.

Mwaka ule Bunge Maalumu la Katiba lilipomaliza kazi, tukaambiwa wananchi tutapiga kura ya maoni, kuikubali au kuikataa, hapo ndipo Masta alipopata ujana wake upya. Vijitabu vililetwa vichache. Yeye alipata chake, sijui kwa nani, akakivalisha jalada la plastiki. Kila umeme ukikatika anasoma. Watu walitaka aruke aende kwenye yale ya moto: serikali mbili au tatu, madaraka ya Rais, mbunge akae vipindi vingapi. Akakataa. "Treni haianzii katikati," alisema. Akaanza na utangulizi. Tulikaa kwenye utangulizi mpaka watu wa Chanzuru wakaanza kuombea umeme urudi.

Msemo wake ulikuwa, "Soma kwanza, ukasirike baadaye." Nami nilikuwa namjibu kwamba mimi nakasirika kwanza, kusoma kunanichelewesha. Mimi nilikuwa mtu wa Ndiyo, nawaambieni wazi. Niliona mle ndani wametaja wakulima na wafugaji, na mimi mtu akinitaja nafurahi. Mama Maandazi alikuwa mtu wa Hapana. Hoja yake ilikuwa kwamba tume ilizunguka nchi nzima ikakusanya maoni ya watu, halafu nusu ya maoni yakabaki njiani. "Ni kama mtu akuagize maandazi kumi, umletee sita, halafu umwambie kula tu, unga ni ule ule."

Kulikuwa na mzee wa kifugaji aliyekuwa analeta mahindi kusaga. Mtu mtulivu, anasimamia fimbo yake, hasemi. Siku ile ya ibara ya wakulima na wafugaji, barazani palikuwa na wakulima waliokuwa na hasira za mashamba yao kuliwa, na nikaona hapa leo jengo la mashine yangu litavunjwa vioo. Masta akasoma. Akamaliza. Mkulima mmoja akafungua mdomo, nyekundu ikapanda. Masta akamgeukia yule mzee, kijani.

Mzee akahamishia fimbo mkono wa pili. "Hiyo karatasi," akasema, "inasema ng'ombe wapite wapi?"

Masta akarudi kwenye kijitabu, akapitia tena kwa kidole. "Haisemi."

"Na shamba lianzie wapi?"

"Haisemi."

"Basi hapo," mzee akasema, akimwonyesha mkulima kwa fimbo, "mimi na huyu tuko sawa. Hatujasemwa."

Yule mkulima ndiye aliyeanza kucheka. Hasira hazikuisha siku ile, nisidanganye, lakini vioo vyangu vilipona, na chai mzee yule alinunuliwa na mkulima.

Sasa nije kwenye neno, maana Masta na mimi tuligombana juu ya neno moja kwa miaka, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki kidogo.

Kulikuwa na mkutano wa hadhara huko Chanzuru wa kuelimisha watu juu ya kura, tukaenda. Wageni walikaa mezani, wakauliza kama kuna mzee wa kusema neno kwa niaba ya wenzake. Nikasimama. Mimi siogopi kusimama. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Sisi watu wa huku tumesoma, tumeelewa, na tumeridhika."

Makofi yakapigwa. Nikakaa nimejaa. Tukiwa njiani kurudi, Masta anatazama saa tu mpaka tunaingia mjini. Halafu, "Bwana Mashine, umeridhika na nini?"

"Na Katiba."

"Maji bombani yanatoka?"

"Hayatoki."

"Barabara ya kwenda kwako?"

"Mashimo."

"Na umeridhika."

"Masta, nilitaka kusema tumekubali."

"Hiyo ni kuridhia. Wewe umesema kuridhika. Umewapelekea wageni salamu kwamba Kilosa kumejaa watu walioshiba."

Nikamwambia hilo ni neno moja, moja lina mkia na jingine halina. Akasimama katikati ya barabara, bodaboda zinatupigia honi, akanieleza. Nitayaandika kama alivyosema, maana sijasikia mtu mwingine akieleza hivyo.

Alisema, kwenye reli ya njia moja, treni haitoki stesheni kwa kuwa imejisikia kutoka. Kwanza unaiuliza stesheni ya mbele: unaipokea? Stesheni ya mbele ikijibu naipokea, treni inatoka. Ikikataa, treni inalala hapo, hata iwe na waziri ndani. "Kuridhia ndiko huko," akasema. "Wananchi ni stesheni ya mbele. Treni haiji mpaka waseme naipokea. Lakini hakuna anayewauliza kama wanaipenda. Mimi nimepokea treni za ng'ombe zinanuka mpaka mke wangu anafunga madirisha. Niliridhia kila moja. Sikuridhika hata na moja."

Toka siku hiyo ilikuwa ndiyo taabu yangu. Nikila, "Bwana Mashine, umeridhika?" Kodi ikipanda, "Bwana Mashine, umeridhia?" Mama Maandazi akadaka. Mtu akilalamika andazi dogo, anamwambia, "Ridhia. Kuridhika utaridhikia kwenu."

Basi kura yenyewe ikaahirishwa. Mnakumbuka. Tuliambiwa uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika, tusubiri. Tukasubiri. Uchaguzi ukaja ukapita, mwingine ukaja ukapita, kila mara Katiba Mpya inatajwa kwenye majukwaa kama jina la marehemu mwenye mali. Watu barazani walikata tamaa, wakahamia kwenye mpira. Masta hakuhama. Huyu ni mtu aliyenisema kwa kuchelewa kila siku ya Mungu, lakini kura iliyochelewa miaka aliisubiri bila kununa. Nikimuuliza, ananijibu kwamba treni ikichelewa, mkuu wa stesheni hafungi ofisi akaenda kulala.

Alikuwa na mambo yake ya kupingana hivyo. Treni mpya ya umeme ilipoanza kupita Kilosa, alikuwa wa kwanza kwenda kuitazama na wa kwanza kuiponda. Alisimama na saa yake. Ikafika kwa wakati. Akakasirika. "Imefika kwa wakati," alituambia kwa uchungu, "na hakuna mtu aliyeshika hata bendera." Hakuwahi kuipanda, lakini ole wako uiseme vibaya mbele yake ukiwa mtu wa mabasi.

Au suala la binti yake. Masta alipenda watu wote watii kanuni, isipokuwa hapo. Binti huyu, Mama Asha, ameolewa Mikumi, ana mgahawa kando ya barabara kuu, malori yanasimama hapo usiku na mchana. Mke wa Masta alikwishafariki. Yeye alikaa peke yake kwenye chumba cha nyumba ya zamani upande wa mtoni, na mto wetu Mkondoa si jirani mzuri. Mvua zikinyesha juu milimani, unaingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Binti alikuwa anamwomba kila mwaka: Baba njoo Mikumi, chumba kipo, wajukuu wapo. Na kila mwaka Masta anajibu, "Nimeandikishwa Kilosa. Tukishapiga kura, nitakuja."

Ikawa hivyo mpaka mvua moja, mto ukaingia kweli. Masta alitolewa na majirani, maji yamefika kiunoni, yeye ameinua mikono juu, mkono mmoja bendera, mkono mwingine Katiba. Godoro lilikwenda. Sufuria zilikwenda. Kijitabu kililowa hata hivyo, kwa sababu aliteleza kwenye ngazi ya kwangu, pakavu kabisa.

Jua lilipotoka tulikianika. Nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai, Masta akafungua kijitabu katikati ya mpunga, akakaa pembeni anageuza ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayechoma samaki. Kuku wa Mama Maandazi akapita juu ya sura ya Muungano. Masta akamwinulia nyekundu. Kuku hakusimama.

"Huyo ni wa serikali tatu," Mama Maandazi akasema.

Tulikuwa bado tunacheka Mama Asha alipofika na gari la kukodi. Hakucheka. Alimwamkia baba yake, akaniamkia mimi, akasikia godoro limekwenda na maji, akaona miguu ya baba yake ilivyochanika. Akasema mbele yetu wote, "Baba, twende. Leo."

"Nimeandikishwa Kilosa, mwanangu."

"Baba, taarifa zinahamishwa. Unakwenda pale wanapoandikisha, unasema nimehamia Mikumi, wanabadilisha. Hata mimi nilibadilisha nilipoolewa."

"Hiyo kanuni siijui," akasema Masta.

Mtu huyu alijua kanuni ya mbuzi kuvuka reli. Mama Maandazi akaacha kukanda unga. Yule binti akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu, na Masta akawa anatazama saa, ambayo ilikuwa imeingia maji na imesimama.

Sasa nisemeje. Mimi sikutaka aende. Nilikuwa nimekwishapanga kichwani nimpe chumba cha stoo nyuma ya mashine, nimtoe magunia. Pale barazani bila yeye ningebaki na nani? Vijana wa mpira? Lakini stoo yangu ni vumbi la pumba tupu, na kifua chake nilikuwa nakisikia akikohoa hata mashine ikiwa imewashwa. Mvua nyingine ingekuja, na safari hiyo majirani wangeweza kuchelewa.

Nikasimama. Nikachukua bendera pale alipoziweka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

"Masta," nikasema, "Mikumi imesema inapokea. Umeisikia?"

Akageuza ukurasa mwingine wa kijitabu.

"Nauliza, umeisikia stesheni ya mbele?"

"Nimeisikia."

"Basi treni unaishikilia hapa ya nini? Umenifundisha mwenyewe."

Akanitazama mikono. "Bwana Mashine," akasema, "bendera unaishika kama mwiko." Akaninyang'anya zote mbili, akazikunjua, akachagua. Ya kijani aliinua taratibu mpaka juu kabisa, mkono umenyooka, uso kwenye barabara ya Mikumi. Halafu akaingia garini na Katiba yake ina punje za mpunga ndani. Mama Maandazi alimfungia maandazi kwenye gazeti. Mimi niliingia ndani nikawasha mashine, japo hakukuwa na cha kusaga.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona. Si kwamba nilinuna, nina kazi. Msimu uliopita, baada ya kuvuna, nikapanda Noah ya abiria, nikaenda Mikumi.

Mgahawa wa Mama Asha ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Madereva wa malori wamejaa, wanakula ugali na nyama. Masta nikamkuta kwenye kona, kofia ile ile, amenenepa kidogo, kijitabu kimevimba kama mkate wa boflo. Madereva wawili walikuwa wanabishana juu ya madaraka ya Rais, mmoja mtu wa Mbeya, mwingine wa Tanga. Nyekundu ikapanda, wakanyamaza. Nikaona, ala, huyu amehama na Bunge lake.

"Shikamoo, Masta."

Akatazama mkono. Saa hakuwa nayo tena, lakini alitazama. "Marahaba. Umechelewa."

"Safari hii kweli," nikasema.

Mama Asha akaniletea chai, akakaa nasi, akasema, "Baba mdogo, muulize habari za katiba ya nyumbani."

Masta akajifanya anasoma.

Kumbe alipofika tu, Masta alisema haishi kwenye nyumba isiyo na katiba. Akaandika rasimu. Nani anaoga kwanza, redio izimwe wakati gani, mzee asiulizwe ameamkaje zaidi ya mara moja. Mama Asha na mumewe wakaisoma, wakaifanyia marekebisho, na wajukuu wakubwa wakapewa haki ya kupiga kura. Wakaweka sufuria yenye mfuniko, karatasi za Ndiyo na Hapana, kila mtu akaingia jikoni peke yake.

"Ikapita?" nikauliza.

"Ilipita," Mama Asha akasema. "Ndiyo zilikuwa nyingi. Hapana ilikuwa moja." Akamtazama baba yake kwa jicho la pembeni. "Hapana ya mwandiko mzuri sana."

Nikamgeukia. Miaka yote ile nimetafuta kura ya mtu huyu, na ya kwanza kupiga ameipinga rasimu aliyoiandika mwenyewe.

"Masta, ulikataa katiba yako?"

"Kura ni siri."

"Ulikataa."

Akafunga kijitabu. "Waliingiza ibara," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshtaki mtoto. "Bendera zisitumike barabarani."

"Alikuwa anasimamisha malori, Baba mdogo," Mama Asha akasema. "Watoto wa shule wavuke. Siku moja akasimamisha basi la watalii kwa ajili ya nyani."

"Nyani alikuwa na mtoto," Masta akasema.

Nilicheka mpaka dereva wa Tanga akauliza kuna nini. Masta mwenyewe hakucheka, ila masharubu yalimcheza. Mama Asha alipoitwa jikoni, nikamsogelea.

"Na sasa bendera unazitoa barabarani?"

"Sizitoi. Imepita. Naifuata."

Nje watoto wa shule walikuwa wamejikusanya kando ya lami, wanasubiri malori yapite. Masta aliwaona kabla yangu. Mkono wake ukashika ile ya kijani, ukaishika kweli, vidole vikakaza. Halafu akaiachia. Akaweka kikombe cha chai juu ya bendera zote mbili ili zisimshawishi, akaanza kuhesabu malori kimyakimya mpaka barabara ikawa nyeupe na watoto wakavuka wenyewe, wanakimbia, mabegi yanarukaruka mgongoni.

"Masta," nikamwambia, "umeridhia?"

"Nimeridhia."

"Umeridhika?"

Akaniinulia nyekundu.